Marehemu Anayebeba Magunia Kibaigwa

Ujumbe uliingia kwenye simu ya kipindi Jumatatu saa tatu asubuhi, kati ya salamu za wasikilizaji na tangazo la dawa ya panya. Bwana Ambokile, mkuu wa vipindi wa Redio Nyika, aliusoma, akaufunika kwa kiganja, akausoma tena, kisha akaanza kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

"Nini?" Yasinta akamuuliza.

"Hamna kitu, mama Ruthu. Watu tu."

"Watu ndiyo kazi yangu. Lete."

Ujumbe ulisema: *Kipindi naomba mchunguze kuna msukule Kibaigwa sokoni anabeba magunia. Ni marehemu Castory Ndahani wa Miyuji. Mkewe kamuuza ndo maana msibani hakulia.*

Yasinta aliusoma mara moja. Akafungua daftari lake la jalada gumu, akaandika: *Na. 214. Msukule, Kibaigwa. Mhusika: Castory Ndahani.* Kulikuwa na safu aliyoichora mwenyewe, ya uhusiano wa mhusika na mchunguzi, ili watu wasije wakasema redio inabeba ndugu zake. Hapo akaandika: *mume.*

Akapiga mstari chini yake. Ambokile, ambaye alishatoa leso kwa ajili yake, aliirudisha mfukoni kwa aibu, kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimiwa akakuta anayesalimiwa ni wa nyuma yake.

Msukule, kwa asiyejua, ni mtu aliyezikwa lakini bado anafanya kazi. Mchawi humtoa kaburini kwa njia zake, akamkata ulimi asiseme, akampeleka shambani kulima bila mshahara, bila likizo, bila kuuliza maswali. Watumishi wa serikali wakielezwa hivyo, wengi huuliza tofauti iko wapi.

Kwa miaka sita kazi ya Yasinta ilikuwa kukagua mambo ya namna hiyo na kuyatolea hukumu hewani kila Ijumaa: kweli au uzushi. Alishakagua paka anayeingia ofisini asubuhi na kutoka jioni akiwa amevaa kitambulisho. Alishalala siku tatu kwenye bweni la wasichana ambako jini lilikuwa likifua nguo za watu, akagundua kuwa lilikuwa likifua na kuondoka nazo. Alishathibitisha kwamba mtumishi mmoja aliyefariki miaka mitatu nyuma alikuwa bado anapokea mshahara. Ule ulikuwa wa kweli, kwa hiyo hawakuutangaza.

Mbinu yake ilikuwa moja, na haikuhitaji chuo. Kila uvumi una mdomo wa kwanza. Unamuuliza mtu: uliona mwenyewe, au ulisimuliwa? Na nani? Unakwenda kwa huyo, unamuuliza vilevile. Unapita kwa shemeji wa rafiki, rafiki wa kinyozi, kinyozi wa mchungaji, mpaka ufike kwa mtu anayesema, "Mimi mwenyewe, kwa macho yangu." Hapo ndipo unafungua kalamu.

Kuhusu kutolia, ujumbe haukudanganya. Castory alikuwa amekufa Julai, Jumatano asubuhi, akinyoa ndevu. Alianguka bafuni akiwa na sabuni kwenye shavu moja, na shavu lile jingine laini kabisa. Tangu saa ile Yasinta alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Ganzi haiumi, na wala haikuzuii kutembea. Alipika, alihesabu viti, alimwonyesha mwenye turubai pa kuchimbia nguzo. Ugogoni mjane hulia mpaka ashikwe na wanawake wawili, mmoja kila kwapa. Kwa Yasinta wanawake walijipanga, wakasubiri makwapa, wakachoka, wakaenda kusaidia vitunguu.

Miezi mitano baadaye matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Mama mkwe, Bi Zipora, alikuwa bado amelala kwenye godoro sebuleni, na kando ya godoro ilisimama mifuko minne ya saruji iliyonunuliwa kwa ajili ya kaburi. Uvumi ulifika nyumbani kabla haujafika redioni, na ukoo ukasimamisha kila kitu. Kefa, kaka wa marehemu, ndiye aliyelisema kwa sauti: kaburi la msukule halisakafiwi.

"Mkilifunika kwa saruji," alisema, "siku akiachiliwa atapitia wapi? Dirishani?"

Swali lenyewe lilikuwa la kihandisi, na ukoo haukuwa na mhandisi.

Basi kikao cha ukoo kikapangwa Jumapili, baada ya ibada. Kefa alikuwa na pendekezo. Shemeji yake ale kiapo: akiwa amepiga magoti, ale udongo wa kaburi mbele ya watu. Akiwa ndiye aliyemuuza mumewe, tumbo litasema. Akikataa, afungashe arudi kwao Manyoni. Na kwa vyovyote kaburi libaki tifutifu, na mvua ndiyo hiyo inakuja, na Castory amelala pale Msalato chini ya udongo uliokwishaanza kudidimia upande wa kichwani.

Yasinta hakuogopa udongo. Alichotaka ni sakafu. Kila mara alipofumba macho aliliona lile bonde dogo la kichwani na maji yakituama. Hakuhuzunika alipoliona. Aliliona tu, kama mtu anavyoona bomba linalovuja.

Alikuwa na siku sita.

Kufuata midomo kulimchukua siku mbili. Aliyetuma ujumbe alisimuliwa kwenye kwaya. Kwaya ilisimuliwa na mama wa chapati. Mama wa chapati alisimuliwa na Evelina mwenye mashine ya kusaga, nyumba ya tatu kutoka kwa Yasinta, ambaye msibani alikuwa msimamizi wa vitunguu.

Evelina alipomwona anaingia na daftari alizima mashine.

"Mama Ruthu, mimi sikusema kwa ubaya."

"Najua. Uliona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya! Nilikwenda kununua mahindi. Nimesimama na debe langu, nasikia mtu anaita, 'Castory! Castory Ndahani!' Jina na ubini, mama Ruthu. Nikasema ngoja. Nageuka, naona mtu katoka nyuma ya lori na gunia begani, mweupe pee! Mweupe kama aliyetoka…" Akasita.

"Kaburini. Endelea."

"Nikamwita na mimi, 'Castory!' Akageuka! Nikapiga ukunga. Akafungua mdomo aseme, maneno hayatoki. Anatoa milio tu. Tok, tok. Kama kuku anadonoa bati. Ulimi hamna mle, jirani yangu. Nilikimbia mpaka stendi, na debe nimeliacha."

Yasinta akaandika yote, pamoja na debe. "Urefu wake?"

"Mrefu."

"Kama Castory?"

Evelina akafikiri. Alikuwa mkweli kwa kiasi chake. "Nani alipima? Mimi nilikuwa nakimbia."

Alhamisi Yasinta akapanda basi la asubuhi kwenda Kibaigwa. Katikati ya safari alijikuta akipanga maneno kichwani. Kitasa cha mlango wa uani kimeharibika. Ruthu amekuwa wa kumi na moja darasani, hisabati imemwangusha. Ile sururu uliyomwazima mtu, hatujui ni nani, hajairudisha. Angefika Gairo ndipo ashtuke kwamba amepitiliza, kama si kondakta kumgonga bega na kumwambia, "Mama, Kibaigwa si ndiyo hii?" Akashuka. Pembeni mwa barabara akafungua daftari na kuandika, kwa kuwa ushahidi ni ushahidi hata ukiwa wa kipumbavu: *Mchunguzi aliandaa mazungumzo.*

Sokoni malori yalikuwa yamepanga mikia. Madalali walikuwa wanaapa kwa majina ya mama zao kuhusu mahindi ambayo hawajayaona. Castory alikuwa akibeba mizigo hapa kila msimu wa mavuno, miaka kumi na minne, na miezi mingine akilinda maduka mjini, na Yasinta hakuwahi kufika. Mume alikuwa akirudi na pesa, na vumbi masikioni. Hakukuwa na sababu ya kufuatilia vumbi linakotoka.

Msimamizi wa wabebaji alikuwa mzee mnene aliyeketi juu ya gunia, na karatasi iliyofunikwa kwa nailoni mapajani. Alijitambulisha kama Stanley.

"Shikamoo baba. Namtafuta Castory Ndahani."

"Marahaba mwanangu. Yupo, anashusha lori la Kiteto." Stanley alisema hivyo bila kuinua macho. "Una mzigo?"

"Nina cheti chake cha kifo."

Hapo ndipo mzee akainua macho. Akaitazama ile karatasi yenye mhuri, akavua kofia. "Wewe ndiye mama Ruthu? Pole mama. Pole sana. Tulituma rambirambi, ilifika?"

"Ilifika, baba. Asante. Sasa nani anashusha lori?"

Stanley akamweleza kwa utulivu wa mtu anayeeleza jinsi ya kufunga gunia. Kikundi chao kiliandikishwa na watu sitini. Majina sitini, vizibao sitini vya njano vyenye namba mgongoni. Kuongeza jina jipya kunataka mkutano, na mkutano unataka akidi, na akidi iko juu ya malori. Kwa hiyo mtu akiondoka, kizibao kinapewa mwingine pamoja na jina lake. Asubuhi msimamizi anaita, mwenye kizibao anaitika, kazi inaanza.

"Na mtu akifa?"

"Akifa ndiyo kaondoka zaidi." Akajikuna shingo. "Sitini wale, mama, kumi na tisa tumeshawazika. Na hakuna hata mmoja aliyekosa kazini."

Yasinta akaandika sentensi ile kama ilivyosemwa. "Na wewe, baba? Stanley ni jina lako?"

"Mimi ni Stanley wa pili," akajibu mzee kwa fahari kidogo. "Wa kwanza alikuwa mtu mzuri. Alipenda sana bamia."

Kisha akavuta pumzi, akaita kwa sauti iliyozoea kushindana na injini: "Castory! Castory Ndahani!"

"Nipo!"

Yasinta alijua. Alikuwa ameshaelezwa, ameshaandika, ameshapiga mstari. Hata hivyo miguu yake iligeuka yenyewe, na mkono mmoja ukapanda kichwani kuweka kilemba sawa.

Aliyetoka nyuma ya lori alikuwa mfupi, kifua kama kabati, bega moja limeshuka kuliko jingine. Vumbi la pumba lilikuwa limempaka kuanzia nywele mpaka kope, mweupe pee kama Evelina alivyosema. Mgongoni namba arobaini na saba.

"Shikamoo mama," akasema. Meno yalikuwa meusi kidogo kwa tumbaku. Ulimi ulikuwapo.

"Marahaba. Jina lako nani?"

Akamtazama Stanley kwanza. Stanley akaitikia kwa kichwa. "Kwetu, Farkwa, mimi Marko. Hapa Castory."

Alikuwa Msandawe, na Kiswahili alikipanga taratibu, neno juu ya neno, kama mtu anayepanga matofali ya wenyewe. Kuhusu yule mama wa debe alikumbuka vizuri.

"Aliniita, nikageuka. Akalia kama anaungua. Nikashtuka, nikamuuliza kwa kikwetu, nini mama?" Akalirudia swali lile kwa lugha yake, na ndani yake mkawa na vile vidoko viwili, tok, tok, vya ulimi uliokamilika kabisa. "Akakimbia. Debe lake ninalo. Nimelitia alama lisipotee."

"Ulijua jina hili la nani?"

"Waliniambia mwenyewe harudi. Sikuuliza zaidi, nilikuwa nataka kazi." Akajipangusa vumbi la nywele na la uso kwa mikono, akabaki na michirizi. "Ni wako?"

"Alikuwa mume wangu."

Marko akasema jambo ambalo Yasinta hakuliandika popote. "Nimelitunza, mama. Tangu Agosti halijakosa siku hata moja."

Yasinta akafunga daftari. "Jumapili una kazi?"

"Jumapili hapana."

"Njoo Miyuji. Kuna kikao."

"Nikafanye nini?"

"Usiwe yeye, mbele ya watu."

Ijumaa, redioni, Ambokile alisikiliza yote huku akizungusha kalamu. Alikuwa mtu mwenye huruma, lakini pia alikuwa mkuu wa vipindi.

"Kwa hiyo uzushi," akasema.

"Uzushi."

"Uzushi mtupu? Hata robo ya ukweli hamna?" Akashusha sauti. "Sikiliza, dada yangu. Simu zinaita tangu Jumanne, hata matangazo yameongezeka. Tukiusogeza wiki mbili tatu, kidogo kidogo… leo urefu, wiki ijayo ulimi…"

"Jumapili kuna kikao kwangu, bosi. Mimi ndiye ninayekula udongo."

Ambokile akatoa ile leso tena, safari hii akajifuta mwenyewe. "Basi uzushi. Ila useme kwa taratibu."

Jumapili ukoo ulijaa sebuleni, na waliokosa viti wakakalia saruji. Kwenye sinia, katikati, kulikuwa na udongo wa kaburi, umefunikwa kwa kitambaa cha meza kana kwamba ni pilau. Marko aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, debe la Evelina mkononi. Evelina, aliyekuja kama shahidi wa mashtaka, alipoliona debe alijisahau.

"Jamani, ndilo hilo! Mfuniko uko wapi?"

Yasinta alieleza: kikundi, vizibao, majina sitini. Alieleza kama anavyoeleza hewani, bila kupanda wala kushuka. Alipomaliza, Kefa akainuka.

"Maneno mazuri. Lakini nani asiyejua kwamba mchawi hubadilisha sura? Alikuwa mrefu, wamemfupisha! Toa ulimi."

Marko akatoa ulimi. Kefa akaukagua kwa tochi ya simu, kushoto, kulia, na chini.

"Mzima," akakiri kwa uchungu.

"Labda umeota upya," akasema shangazi mmoja kutoka kwenye saruji.

"Shangazi, ulimi si kucha!"

"Wewe umekata ngapi ukaona?"

Yasinta akatazama lile sinia. Miaka sita ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba uvumi una mlango wa nyuma, na ukiufunga unatokea dirishani. Hakukasirika. Alikuwa anafikiria tu kama udongo ule unamezeka na maji.

"Nyamazeni," akasema Bi Zipora.

Aliketi kwenye godoro lake, miguu ameinyoosha, kanga ya msiba ile ile ya Julai. Hakumtazama Marko. Alifumba macho, akageuzia uso ukutani, na akaita, kama mtu anavyoita mtoto aliye uani:

"Castory!"

"Nipo!"

Marko alikuwa ameitika kabla hajafikiri, kwa sauti ile ya sokoni, vikombe vikalia kabatini. Kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hakuna aliyecheka. Kefa mwenyewe alikaa chini.

Bi Zipora alibaki amefumba macho kwa muda, kama anayesubiri kitu kingine baada ya hapo. Kisha akafumbua.

"Siye," akasema. "Mwanangu hajawahi kuitika mara moja. Tangu ameanza kusema mpaka amezeeka, Castory unamwita mara tatu, na ya tatu unaishika fimbo." Akajivuta akasimama, mkono mmoja ukutani. "Miezi yote hii nilikuwa najiambia, hata kama anabeba magunia, basi yupo mahali. Anapata jua. Haya. Kefa, toa hilo sinia, usiku tule kitu cha maana. Kesho mbebe saruji."

"Mama, na kiapo?"

"Kale wewe."

Jumatatu asubuhi walikuwa Msalato kabla jua halijakomaa. Marko alikuwa amelala Miyuji, akabeba mifuko yote minne kutoka barabarani hadi kaburini kwa safari mbili, na fundi alipomwita kwa makosa "Castory" aliitika, akaomba radhi. Bonde la kichwani likajazwa kifusi, likashindiliwa. Fundi akamwaga zege, akalainisha kwa mwiko, akaandika jina na miaka kwa msumari. Ndege ilipita chini chini ikitafuta uwanja, na wote wakaitazama isipokuwa Bi Zipora.

Wanaume wakaondoka kunawa. Wanawake wawili wakabaki wameketi juu ya ndoo zilizogeuzwa, mmoja kila upande.

"Hulii?" Bi Zipora akauliza. Swali halikuwa na kesi ndani yake.

"Bado, mama."

"Nilidhani hutaki."

"Nataka. Haiji."

Mama mkwe akaitikia polepole, kama aliyeelezwa habari ya mvua ya kijiji kingine. Akafungua ncha ya kanga, akatoa karanga, akampa nusu.

"Ikija, niite. Hata niwe shambani. Usilie peke yako, watasema umerukwa."

"Sawa, mama."

Yasinta akatafuna karanga. Zilikuwa na chumvi, na hivyo ndivyo alivyozipima, kama anavyopima kila kitu siku hizi: zina chumvi. Kutoka kwenye vichaka mbuzi watatu walijitokeza, wakasimama, wakaanza kulifuata lile zege bichi kwa udadisi wa watu wa kikao.

"Hao," akasema Bi Zipora.

Yasinta akaokota kijiti, akasimama upande wa kichwani. Fundi alikuwa amesema lingekauka baada ya muda wa saa nne.